Amani Tamu na Hesabu Zake

Habari za ushirika wa Mirembe Kawomera huanzia New York. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001, J.J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa jamii ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, alikuwa amekwenda kutembelea World Trade Center, akayashuhudia mashambulizi kwa macho yake. Aliporudi kwao karibu na Mbale, aliwaendea majirani zake Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaunda ushirika wa kahawa. Jina walilolichagua ni la Kiganda, maana yake amani tamu. Uongozi wakaugawana kati ya dini zote tatu.

Habari hiyo ni ya kweli, na inapendeza. Lakini wengi wanaoisikia hudhani kuwa amani ndiyo iliyowalipa wakulima. Mimi naomba tufungue daftari la hesabu.

Kwanza, hali ya soko. Mwaka huohuo wa 2001 bei ya kahawa ya arabika New York ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili, bei ambayo haikuwa imeonekana kwa miongo kadhaa. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kuuza nje ulikuwa umevunjika mwaka 1989, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Uganda nayo ikaondoa ukiritimba wa bodi ya kahawa. Wachuuzi wakaingia vijijini na mizani zao. Bugisu Cooperative Union, chama kikuu kilichoanzishwa Mbale mwaka 1954, kikajikuta kinashindana na watu wasio na mishahara ya makarani wala deni la zamani. Upande wa Jinja, Busoga Growers, chama kikuu cha pamba na kahawa, hakikurudi tena kwenye nguvu zake za awali.

Kwa hiyo watu wa Mbale hawakuanza kwenye uwanja mtupu. Walianzia juu ya magofu ya ushirika wa baba zao, na walijua vizuri ni nguzo ipi iliyooza.

Jambo la kwanza walilolifanya sawasawa ni kumtafuta mnunuzi kabla ya kutafuta mashine. Laura Wetzler, wa shirika la Kulanu la Marekani, alipiga simu kampuni moja baada ya nyingine hadi Paul Katzeff wa Thanksgiving Coffee, kule Fort Bragg, California, akakubali kununua. Hapo ndipo amani ilipofanya kazi yake. Ilifungua mlango ambao kahawa isiyo na jina isingeufungua.

La pili halisemwi sana, nami naliona kubwa zaidi: hawakujenga kinu chao. Walipitisha kahawa yao Gumutindo, ushirika wa ngazi ya juu wenye ghala mjini Mbale. Gumutindo ulianza mwaka 1998 kama mradi wa ubora ndani ya chama kikuu cha Bugisu, ukakua chini ya Willington Wamayeye hadi kusimama wenyewe. Jina lake kwa Kigisu linahusu kahawa bora, na ubora ndio waliouuza. Mkulima wa Mlima Elgon humenya matunda nyumbani kwa mashine ya mkono, huyavundika, huyaosha na kuyaanika, kisha huuza kahawa ya maganda. Akichuma mabichi pamoja na mabivu, au akianika chini kwenye vumbi, mnywaji wa California ataionja kasoro hiyo. Chama cha msingi kilipokea na kukagua. Gumutindo ukakoboa, ukapanga madaraja na kusafirisha. Kwa mpango huo ushirika mdogo wa mamia ya wanachama haukulazimika kubeba gharama za meneja wa mauzo, mwonjaji na leseni ya kuuza nje.

Sasa tupige hesabu. Kontena moja hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2, ambazo ni takriban ratili 42,300. Kuijaza kunahitaji karibu tani 24 za maganda, na matunda mabivu kama tani 120, yaliyochumwa kwa mkono katika mashamba ambayo mengi hayafiki hekta moja. Kuanzia mwaka 2011 bei ya chini ya Fairtrade, mfumo wa biashara ya haki, kwa arabika iliyooshwa ilikuwa dola 1.40 kwa ratili, pamoja na nyongeza ya senti 20 kwa ajili ya ushirika wenyewe. Kwa kontena, bei hiyo ni kama dola 59,200, na nyongeza ni karibu dola 8,460. Nyongeza hiyo ndiyo inayopigiwa picha: darasa, daraja, tangi la maji.

Lakini mkulima huleta maganda leo na anataka fedha leo. Ada ya shule haingoji meli itoke Mombasa. Kanuni za Fairtrade zinamtaka mnunuzi, akiombwa, awezeshe mkopo wa awali wa hadi asilimia 60 ya mkataba. Inabaki asilimia 40, kama dola 23,700. Ukizikopa benki kwa riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka, ambayo ni ya kawaida Uganda, na zikakaa miezi 6, riba peke yake ni dola 2,370. Zaidi ya robo ya nyongeza imekwenda benki kabla tofali moja halijanunuliwa. Ndiyo maana naamini biashara ya namna hii hupona au hufa katika majuma ya mavuno.

Na adui wake mkubwa, ajabu, ni bei nzuri. Mwaka 2011 bei ya New York ilipita dola 3. Mchuuzi akasimama barabarani na noti mkononi, wakati ushirika unalipa malipo ya kwanza na kuahidi ya pili baada ya mauzo. Mwanachama gani asiyegeuza baiskeli? Wahaya wa Bukoba wana butura, kahawa inayouzwa ingali ua mtini. Njaa ya fedha taslimu ni ileile. Hotuba juu ya uaminifu hazikusaidia sana popote nilipozisikia.

Kuna wanaoshauri soko la ndani: kwamba kahawa ya Elgon ikaangwe na kuuzwa kwa vikombe Jinja, ambako watalii wa chanzo cha Nile hawakosekani. Faida ya kikombe ni kubwa, sikatai. Lakini kontena moja likikaangwa hutoa tani kama 16, na kwa gramu 17 kila kikombe ni vikombe zaidi ya 900,000. Jinja nzima inywe usiku na mchana. Mkahawa ni tangazo zuri la kahawa. Kontena bado linahitaji Mombasa.

Kumtegemea mnunuzi mmoja nako ni hatari. Twin, kampuni ya ununuzi ya London iliyoshirikiana na Gumutindo kwa miaka mingi, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwaka 2019.

Agosti 2023 bei ya chini ya Fairtrade ilipanda hadi dola 1.80. Februari 2025 soko la New York lilivuka dola 4. Kwa bei hiyo kontena lilelile liligharimu zaidi ya dola 169,000, karibu mara tatu ya thamani yake kwa bei ya chini ya 2011, na nyongeza ilikuwa imebaki senti zilezile 20.