Historia ya mji wetu: nani anaisoma?

Ndugu msomaji, uliza mtoto wa Mangobo mji wetu ulianza lini. Atakujibu: "Njo wakati Stanley alifika." Jibu hilo halikutoka hewani. Hata kitabu ambacho Profesa Benoît Verhaegen alisimamia, kilichotoka mwaka 1975, kinaitwa Kisangani 1876-1976, yaani miaka mia moja ya mji. Lakini Stanley alifika kwenye maporomoko Januari 1877, na Wagenia walikuwa pale na mitego yao. Hawakungoja mgeni aanze kuwahesabia miaka.

Tusimtupe profesa juu ya jina la kitabu. Kazi yake ni kubwa. Mbelgiji huyu alikusanya habari za maasi ya 1963 na 1964 katika Rébellions au Congo (1966 na 1969), wakati vidonda vilikuwa bado vibichi. Alifundisha hapa Kisangani, na njia yake ni ile tunayoweza kuita historia ya papo hapo: mtu aliyeishi jambo si wa kuulizwa tu, anatafuta maana yake pamoja na msomi. Na jalada la kwanza la kitabu cha mji linahusu wakaaji wenyewe.

Basi swali letu ni hili. Kama mzee wa Kabondo ni mwenzake msomi, sababu gani matunda ya kazi yamebaki katika Kifaransa cha iniversite? Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye Leopold II alimfanya gavana hapa mwaka 1887, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Mwenye bunduki amesikika katika lugha yetu. Waliokimbia bunduki yake wanangoja bado.

Tena haraka iko. Vijana wa 1964 ni wazee sasa. Na waliojificha chini ya vitanda Juni 2000, zile siku sita majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji, watoto wao wanauliza: "Ilikuwa namna gani?"

Wanahistoria wetu walete hata kurasa chache kwa Kiswahili na Lingala. Wazisome redioni na ndani ya parsele, na wakubali mama mmoja akisimama kusema: "Hapana, haikukuwa vile." Siku hiyo historia itakuwa imerudi kwa wenyewe.