Chenga za Kadenge, Mchanga wa Tiva

Jioni, shule zikishafunga, kando ya barabara itokayo Wote kwenda Kathonzweni, mvulana amechuchumaa chini ya mwembe akifunga mpira. Ameanza na soksi kuukuu aliyoishindilia vitambaa hadi ikawa ngumu. Juu yake amezungusha magazeti, tabaka baada ya tabaka, akiyalowesha kidogo ili yashikane. Sasa amefika kwenye kamba ya katani, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Kamba haifungwi ovyo. Inapita wima, inapita mlalo, kisha inapinda pembeni ikizishika zile mbili za kwanza, na kila fundo linasukumwa ndani kwa kijiti lisije likamchubua mchezaji kidole. Wenzake wamesimama wakimtazama, na hakuna anayemharakisha. Akimaliza anaudondosha chini. Mpira unatua pu! na kukaa palepale, naye anaridhika.

Mpira usioruka ndio mwalimu wa kwanza wa chenga. Ukiupiga mbali ili uukimbilie, hauendi. Ukiubamiza ukutani, haukurudii. Huna budi kukaa nao mguuni, uusukume kwa upande wa nje, uuvute kwa wayo, na ukikutana na mtu umpite kwa akili, maana nguvu haitakufikisha popote. Somo hilo watoto wa Kitui na Makueni walilisoma pekupeku, vizazi na vizazi, bila kocha wala filimbi. Aliyeweza kumpiga mwenzake tobo kwa mpira wa makaratasi uliokwisha kupinda ubavu mmoja, siku akipewa mpira wa ngozi huona kazi imekuwa nyepesi mno.

Katikati ya vizazi hivyo palikuwa na enzi ya mifuko ya nailoni. Ilikuwa mingi, ilikuwa bure, na ikipashwa moto kidogo ilishikana vizuri kuliko karatasi. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya iliipiga marufuku, na sheria hiyo ilikuwa ya haki, kwani mitaro na mifugo ilikuwa imeteseka vya kutosha. Hata hivyo, katika mijadala yote ya mazingira, sauti ya mtoto anayefunga mpira haikusikika. Wenye mkono walirudi kwenye magazeti na katani. Wasio na mkono walingoja mpira wa dukani.

Uwanja nao ulikuwa na mafunzo yake. Katika nchi hii ya vilima, ambako shamba baada ya shamba limechimbwa matuta ya kuzuia maji, mahali palipo papana na sawa mara nyingi ni mkondo wa mto uliokauka. Tiva kule Kitui, Kaiti na Thwake huku Makueni, ni mito inayojaa kwa vishindo mvua ikinyesha, kisha inabaki mchanga mtupu kwa miezi. Mchanga hula mbio. Mwenye miguu mirefu akianza kutimka anazama hadi kwenye vifundo, na kijana mwembamba aliyeshindwa kumfikia kwenye nchi kavu sasa anamzunguka mara mbili, tatu, watu wakishangilia kutoka ukingoni. Magoli ni mawe mawili. Mstari wa pembeni ni pale majani yanapoanzia. Refa hayupo, na mabishano huamuliwa na mwenye mpira.

Mafundi waliotoka katika shule za namna hii walikuwa wengi Kenya nzima, lakini jina lililowasimamia wote lilitoka mbali na Ukambani. Joe Kadenge alizaliwa mwaka 1935 magharibi mwa Kenya. Alichezea Maragoli United, akaja kuwa nguzo ya Abaluhya, klabu ambayo baadaye iliitwa AFC Leopards, na akaivalia Kenya jezi katika miaka ambayo taifa lenyewe lilikuwa likizaliwa. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, mwaka uleule wa Uhuru, na Nakuru All-Stars wakawa mabingwa wa kwanza. Wakafuata Luo Union mwaka 1964, Feisal ya Mombasa mwaka 1965, kisha Abaluhya mwaka 1966. Kwa mchezo uliopimwa kwa muda mrefu zaidi na Kombe la Gossage, lililoanzishwa mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda kwa ufadhili wa kampuni ya sabuni ya Kiingereza, hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Mashabiki hata hivyo hawakubaki na orodha ya mabingwa vichwani. Walibaki na Kadenge.

Na wengi wao hawakuwahi kumwona.

Jambo hili linastahili kutafakariwa, hasa Kitui na Makueni, mbali na viwanja vikubwa vya Nairobi. Huku Kadenge aliingia kwa masikio. Redio ilikuwa moja dukani, imewekwa juu ya kaunta, na Jumamosi mchana wanaume walijaa barazani huku vijana wakiwa wamepanda juu ya magunia. Betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate uhai wa mwisho, na mwenye duka aliifungua redio dakika ya mwisho kabisa ili asizimalize bure. Kutoka Sauti ya Kenya ikaja sauti ya Leonard Mambo Mbotela, kijana wa Freretown, Mombasa, na ndani ya sauti hiyo mchezo mzima ulikuwa ukitembea. Mbotela hakuwa na picha ya kumsaidia. Alichokuwa nacho ni Kiswahili, pumzi, na uwezo wa kuuona mpira unapokwenda kabla haujafika. Mpira ulipomfikia yule mshambuliaji, mtangazaji aliacha maelezo mengine yote akabaki na maneno matatu, Kadenge na mpira, akiyarudia kwa kasi inayopanda, na barazani watu wakainuka. Maneno hayo yaliingia katika lugha ya Wakenya yakakaa. Leo mtu asiyejua Kadenge alivaa jezi ya rangi gani bado huyasema akimwona jamaa aliyekazana na jambo lake bila kugeuka nyuma.

Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025. Alikuwa fundi wa upande wa pili wa ufundi uleule, kwa maana chenga isiyosimuliwa vizuri ilikuwa imekufa kwa kila asiyekuwapo uwanjani.

Chenga yenyewe ni kazi ya kusubiri. Anayeijua humkaribisha beki. Anauacha mpira wazi kidogo, wa kutamanisha, bega lake linaelekea kushoto, beki naye anahamia upande huo kwa uzito wake wote, na papo hapo mguu unautoa mpira kulia bila haraka. Beki ameshashindwa kabla mpira haujasogea. Ndiyo maana chenga nzuri huchekesha uwanja mzima, hata mashabiki wa aliyepigwa. Kanzu ina madaha yake, pale mpira unapompita mtu juu ya kichwa ukamngoja nyuma yake, na tobo ina ukatili wake, lakini ile chenga ya bega, ambayo mwili unasema jambo moja na mguu unatenda jingine, ndiyo inayomtofautisha fundi na mwenye mbio. Watu waliolelewa wakiwatazama wacheza mbeni wakirushana hewani na kutua sawia na ngoma hawahitaji kuelezwa thamani yake. Wanajua kwamba wepesi wa namna ile umelipiwa kwa miaka.

Waingereza, walioleta mchezo huu kupitia misheni, shule na reli, nao walikuwa na mafundi wao, na namna wanavyowatunza ni fundisho. Steve Bloomer alizaliwa mwaka 1874, mwana wa watu wa kawaida, mtu mwenye mwili mdogo na uso wa kupauka ambaye ungempita mtaani bila kumtazama mara ya pili. Aliichezea Uingereza michezo 23 akafunga mabao 28. Msimu wake wa mwisho na Derby County ulikuwa wa mwaka 1914, kisha akaenda Berlin kufundisha mpira, vita vikamkuta huko, naye akafungiwa katika kambi ya Ruhleben pamoja na Waingereza wenzake. Alifariki mwaka 1938. Waliomwona akicheza wote wamekwisha. Hata hivyo, kabla ya mchezo wa nyumbani Derby huimba wimbo unaosema kwamba Bloomer anawatazama, na mwaka 2009 klabu hiyo ilisimamisha sanamu yake kando ya nyasi, karibu na benchi la wachezaji, ili macho yake yawe uwanjani. Kijana anayetia daluga mguuni pale anajua kuna mtu wa kumwonea haya.

Kadenge alipoacha kucheza aliendesha teksi Nairobi. Abiria walipanda, wakashuka, wengine wakiwa wametumia utoto wao wote kulitamka jina lake. Mwaka 2002 aliitwa kuifundisha timu ya taifa, Harambee Stars. Alifariki tarehe 7 Julai 2019, akiwa na miaka 84, na kwa siku kadhaa nchi nzima iliyasema tena yale maneno matatu. Yalisemwa kwa mapenzi ya kweli. Lakini mapenzi ya siku za msiba hayakumlisha fundi alipokuwa hai, wala hayamfunzi mrithi.

Mrithi ndiye tatizo hasa. Ule mchanga uliowafunza watoto mwendo ulipata bei. Malori yaliingia mitoni, yakauchota na kuupeleka kwenye majengo ya Nairobi, mito ikabaki miamba na mashimo, na watu wakapigana na hata kuuana kwa ajili yake. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na inastahili sifa kwa hilo, kwa kuwa maji ya kunywa ya watu yamo ndani ya mchanga huo. Viwanja vya nchi kavu vina hatari nyingine. Kiwanja kisicho na hati ni cha yeyote mwenye kigingi na mkono mrefu. Leo kibanda cha mahindi, kesho ukuta, keshokutwa ghorofa.

Watoto nao Jumamosi wamo ndani ya vibanda vya video, wamelipa shilingi zao, wanatazama ligi ya Uingereza. Hakuna ubaya kuwatazama mabingwa. Ubaya ni kutoka pale giza limeshaingia, ukayajua majina ya wachezaji wote wa Arsenal na usiuguse mpira wiki nzima. Na anayebahatika kupata kocha hukutana na agizo moja: gusa, toa. Akijaribu kumlamba mtu chenga hupigiwa kelele kwamba anaiharibia timu. Makocha wana sababu zao, pasi hushinda michezo, lakini mtoto wa miaka 9 aliyekatazwa chenga hataipata akiwa na miaka 20.

Mapenzi hayajafa. Agosti 2025, Harambee Stars walipocheza michuano ya CHAN nyumbani na kufika robo fainali, mikahawa ya Kitui mjini na Wote ilijaa kama ilivyojaa Mombasa na Kisumu. Miezi miwili baadaye sherehe za Mashujaa zilifanyika Ithookwe, Kitui, na uwanja huo ukatengenezwa kwa ajili ya siku hiyo. Jukwaa zuri ni jambo la kushukuriwa. Lakini fundi haanzii kwenye jukwaa. Anaanzia Mutomo, Ikutha, Kasikeu, Nguu, kwenye kiwanja cha shule chenye mteremko na mti mmoja katikati.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka michezo na viwanja vyake mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo ombi linakwenda kwa wakubwa wa Kitui na Makueni moja kwa moja: pimeni kila kiwanja cha kijiji, kitoleeni hati kwa jina la umma, na mfanye hivyo kabla ya ukuta unaofuata kujengwa. Mzazi naye asimwite mwanawe ndani mapema jioni hii. Na ewe kocha, ukimwona mtoto ameung'ang'ania mpira na mabeki wawili wamemjia, nyamaza kidogo, mwache ajaribu.