Sentensi ya Kilomita 1,700

Kwa macho ya kawaida, laini ya umeme ya Inga–Shaba huko Kongo, inayoishia Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, haina makuu: nguzo za chuma, waya za chanya upande huu, za hasi upande ule, basi. Mkondo geu ungehitaji njia tatu za waya. Mkondo mnyoofu unatosheka na mbili. Umbo hilo jepesi ndilo lililowezesha kuuvuta umeme kilomita 1,700 hivi kutoka mabwawa ya Inga, kwenye Mto Kongo, bila mwingi kupotelea njiani. Laini ilikamilika mwaka 1982, kwa volti 500,000 kila upande, ikikusudiwa kubeba megawati 560 kwa ajili ya migodi ya Gécamines, kampuni ya serikali.

Isome kama sentensi, uone ilivyokosa mkato. Inaanza Inga, inaishia Kolwezi, na katikati hatajwi mtu. Mikoa ya Bandundu na Kasai inarukwa juu kwa juu. Sababu ya kifundi ipo, tena ya kweli: kuchota umeme katikati kunadai kituo kingine cha kuugeuza, na kituo hicho ni ghali mno kwa kijiji. Lakini aliyechagua umbo alichagua pia watakaoachwa. Mama anayewasha makaa chini ya waya zile hana nafasi humo. Fundi hata akimwonea huruma, hana pa kumuunganishia.

Na kwa nini umeme utoke mbali hivyo? Mto Lualaba ulikuwa kazini tayari. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilijenga bwawa la Nzilo, kaskazini mwa Kolwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha Nseke mwaka 1956. Lakini kabla ya laini hii, 1960 hadi 1963, Katanga ilijitenga na Kongo. Wachambuzi wengi wanaiona nia ya Rais Mobutu hapa: mitambo ya shaba itegemee swichi iliyo mbali, upande wa Kinshasa. Nakubaliana nao, na ushahidi wangu ni laini yenyewe: umeme na amri vinatoka kulekule, vinakwenda upande mmoja.

Sasa bwawa jipya, Inga 3, linapendekezwa. Mkataba wake wa 2013 uliitengea Afrika Kusini megawati 2,500. Ni umbo lilelile, limerefushwa tu hadi ng'ambo ya mpaka. Nikifunguliwa ramani yake, nitatafuta kwanza kituo cha kugeuzia umeme pale Kananga, mjini Kasai; megawati tutazihesabu baadaye.