Yamwagika Lini?

Maji yakionekana chini ya mashine ya kufulia, kila mtu nyumbani huuliza yanatoka wapi. Mwenye nyumba huinama na tochi ya simu, mama fua huonyesha kidole upande wa nyuma, jirani hupita mlangoni akasema ni mpira huo, ubadilishwe. Fundi hodari wa Mombasa bara, awe wa Mtongwe, wa Kisauni au wa Chaani, huanzia kwingine. Begi bado halijafunguliwa, naye ameshauliza: "Mama, haya maji yamwagika lini?"

Wapi hudanganya. Maji hufuata mkondo, na ndani ya mashine mkondo ni fremu ya chuma, waya, ukingo wa tangi, kisha mteremko wa sakafu ambayo mwashi hakuipima sawasawa. Tone lililotoka juu, karibu na droo ya sabuni, laweza kuteremka ubavuni, likapita nyuma ya pampu, likaangukia mbele kabisa chini ya mlango. Anayeziba pale lilipoangukia hajaziba kitu. Wakati, kinyume chake, ni shahidi mgumu kumnunua, kwa sababu mashine haina maji kila mahali kila saa. Hujaza, huosha, humwaga, hukamua, na kama ni ile ya kufua na kukausha, hukausha. Kila hatua ina njia zake za maji, na kila njia ina udhaifu wake.

Yakitoka mashine inapoanza kujaza, hushukiwa washa ya mpira wa kuingizia maji, au valvu, au droo ya sabuni iliyoziba kwa unga ulioganda. Yakitoka nguo zinapozunguka, hutazamwa raba ya mlango, hasa mkunjo wa chini, ambako sarafu na pini za mtandio hujikusanya na kuitoboa polepole. Yakitoka wakati wa kumwaga, ni pampu, au mpira wa kutolea maji uliosuguana na ukuta miaka mingi. Yakitoka wakati wa kukamua peke yake, habari ni nzito zaidi: huenda sili ya ekseli imekwisha, na maji yanapenya kuelekea kwenye beringi.

Na yakitoka usiku, mashine imezimwa na watu wamelala? Hapo ujuzi wa vitabuni hautoshi, maana kitabu cha mashine hakikuandikwa kwa ajili ya Mtopanga. Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, chemchemi ya Marere katika milima ya Shimba. Yakifika bara huja kwa mgao, kwa hiyo nyumba huweka tangi juu ya paa na mashine hunywa kutoka hapo. Sasa piga hesabu. Mita 10 za kimo hutoa mgandamizo wa takriban baa 1. Mashine nyingi zimeandikwa kuwa zataka angalau nusu baa, yaani tangi liwe mita 5 juu ya valvu. Tangi lililo mita 2 tu juu yake hutoa baa 0.2.

Upungufu huo hauchelewishi kujaza tu. Valvu ya mashine haifungwi na springi peke yake; mgandamizo wa maji yenyewe husaidia kukikandamiza kiwambo cha raba juu ya kiti chake. Maji yakiwa dhaifu, kiwambo hakikai barabara, na zaidi kama pana chembe ya mchanga iliyoingia siku maji yaliporudi baada ya mgao. Tone moja moja hupita usiku kucha, tangi la ndani hujaa, alfajiri maji yako sebuleni. Hakuna kilichopasuka. Aliyebadilisha raba ya mlango amekula pesa za watu bure. Dawa ni kusafisha kichujio kidogo kilichomo mdomoni mwa valvu, kufunga bomba kila baada ya kufua, na ikiwezekana kuinua tangi.

Jibu la lini likishapatikana, ndipo wapi huruhusiwa kuingia. Fundi huchomoa plagi kwanza, kwani volti 240 na sakafu yenye maji hazina mzaha. Hufungua kifuniko cha nyuma, hufuta kila kitu kikauke, hutandaza magazeti chini, kisha husoma alama zilizoachwa na miezi iliyopita. Hapa maji ya bara humsaidia. Visima vingi vya Kisauni na Bamburi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, mwamba uleule ambao kiwanda cha saruji cha Bamburi kimekuwa kikiusaga tangu 1954. Maji yaliyopita humo huja na chokaa yake, na mahali pengine na chumvi ya bahari. Yanapokauka juu ya chuma huacha mstari mweupe, na mstari huo hupanda hadi kwenye chanzo. Weupe mtupu wasema ni maji safi, yaliyovuja kabla ya kufika kwenye nguo. Utelezi na harufu ya sabuni vyasema ni maji ya kufulia. Kahawia ya kutu iliyochanganyika na grisi, iliyotawanyika nyuma ya tangi mfano wa miale, yasema ni beringi. Fundi husikiliza kama kadhi: shahidi wa kwanza hamkatai, wala hamhukumu mtu kwa neno lake peke yake. Hurudisha stima, huendesha mashine hatua moja moja bila nguo, akitazama gazeti lipi litalowa kwanza.

Mara nyingine mkosaji si chuma wala raba. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono hutengenezwa itoe povu jingi, nayo mashine ya mlango wa mbele yataka povu kidogo. Povu hupanda, hutafuta upenyo kwenye droo, hugeuka maji sakafuni. Tiba yake ni kijiko kidogo zaidi.

Kukausha ndiko kunakowachanganya wengi. Watu hununua mashine za kufua na kukausha kwa sababu ya masika, maana mwezi wa Mei nguo zaweza kukaa kambani siku nzima zikaanuliwa na unyevu wake. Wengi hawajui kwamba mashine nyingi kati ya hizi hukausha kwa kutumia maji. Hita na feni hupuliza hewa ya moto ndani ya dramu, mvuke wa nguo husukumwa katika mfereji ambamo maji baridi membamba yanateremka, mvuke hugeuka maji, na yote hutolewa na pampu. Nyuzi za taulo na kanga hujikusanya katika mfereji huo mwaka baada ya mwaka mpaka njia ikaziba. Mwenye nyumba husema, "Yafua vizuri, yavuja ikikausha," akidhani anasimulia muujiza. Kwa fundi, maneno hayo yamefuta nusu ya mashine katika orodha ya washukiwa.

Baada ya hapo huja kishawishi cha silikoni. Kuipaka ni dakika tano, nayo hung'aa kama kazi iliyofanyika. Fundi wa kweli huitumia mwisho. Mashine nyingi za bara ni mtumba kutoka Uingereza, zilizoshukia Kilindini zikiwa tayari na umri. Tangu 2021 sheria za Ulaya huwalazimisha watengenezaji kuweka baadhi ya vipuri vya mashine za kufua na za kufua na kukausha kwa miaka 10, lakini zile zilizotua Likoni kabla ya hapo hazikuachiwa urithi huo. Beringi si shida: namba 6205 ni milimita 25 ndani na 52 nje popote duniani. Shida ni tangi lililounganishwa kiwandani lisifunguke. Fundi hulipasua kwa msumeno wa chuma kuzunguka mshono, hubadilisha beringi na sili, kisha hulirudisha kwa skrubu nyingi, na hapo ndipo silikoni hupata kazi yake halali.

Kazi hiyo ya msumeno kila mtu huiona na kuilipia. Ile ya kutazama ndiyo yenye mgogoro. Beringi ina bei, pampu ina bei. Fundi akikaa saa mbili mbele ya magazeti, akafunga bomba na kusema hakuna kilichoharibika, tangi liinuliwe, twamwona kama aliyekuja kupumzika. Twampa nauli ya matatu na shukrani. Hivyo twamfundisha uongo kwa mikono yetu, kwa kuwa safari ijayo atang'oa pampu nzima ili jasho lake lionekane. Methali yatuhimiza tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, lakini haisemi nani atamlipa aliyeutafuta huo ufa. Afadhali bei zipatanwe mbili tangu mlangoni, ya kutafuta na ya kutengeneza. Fundi aliyelipwa ya kwanza bila kunung'unikiwa ana uhuru wa kusema ukweli, hata pale ukweli unapomkosesha ya pili.