Mpira wa Sponji Ndani ya Ngumi

Mazingaombwe tuliyoyaona shuleni utotoni yalikuwa ya kutazamwa kwa mbali. Alikuja mtu na sanduku lake, mwalimu mkuu akampa darasa au kivuli cha mti, tukatoa vishilingi vyetu, naye akatafuna nyembe na kugeuza karatasi kuwa noti. Kati yetu na yeye palikuwa na nafasi ambayo hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuivuka. Kiinimacho cha mpira wa sponji hakina nafasi hiyo. Humalizikia ndani ya ngumi ya mtazamaji mwenyewe, na kwa sababu hiyo nakiweka juu ya vyote vinavyofanywa kwa mikono mitupu.

Mfikirie kijana katika gulio la Bugarama, kule Ngara, amesimama mbele ya mama anayeuza maharagwe.

“Shikamoo, mama. Naomba nikuonyeshe mchezo wa mikono.”

“Marahaba. Uonyeshe upesi, nina wateja.”

Kijana anaweka mipira miwili juu ya gunia. Mmoja anauhamishia mkono wake wa kushoto na kuufumba. Wa pili anampa mama, anamwomba aubane sana na asimwachie mtu. Kisha anaufungua mkono wake taratibu: hamna kitu. Mama naye anafungua wake, na mipira miwili inafumuka kiganjani mwake, pale pale alipoapa kwamba ameshika mmoja. Hapo wateja husahau bei ya maharagwe.

Siri yake ni nyepesi. Sponji hubinyika. Mipira miwili ikibanwa pamoja kwa ncha za vidole huonekana mmoja, na ngumi inayoipokea haihisi tofauti. Jambo hili limo katika vitabu vya mwanzo vya fani hii, na mtoto mwerevu hulikisia bila kuambiwa. Lakini aliyelijua hilo hajajua bado. Kazi yenyewe iko katika ule uhamishaji wa kwanza, pale mkono wa kulia unapoonekana kuuweka mpira katika wa kushoto, kumbe umebaki nao, umelala kwenye mkunjo wa vidole vya kati. Mkono wa kushoto sharti ufumbe kama mkono uliopokea kitu, vidole visigandamane na kiganja, kwa kuwa penye mpira visingegandamana. Mkono wa kulia nao sharti ulegee. Mkono unaoficha hukakamaa, kidole gumba kikasimama peke yake, na mtoto wa darasa la pili ataunyooshea kidole. Ndiyo maana mwanafunzi huambiwa kwanza auhamishe mpira kweli, tena na tena, mbele ya kioo, mpaka ajue mkono wake mkweli unafananaje. Akishaujua, ndipo aanze kuuigiza.

Na macho je? Mwaka 2006 watafiti wawili wa Uingereza, Gustav Kuhn na Michael Land, walichapisha jaribio juu ya mpira unaorushwa juu. Mfanya kiinimacho aliurusha na kuudaka, akarudia, na mara ya tatu akauacha mkononi huku mkono ukifanya mwendo ule ule wa kurusha. Alipoinua macho kama anaufuata, asilimia 68 ya watazamaji walisema waliuona mpira ukipaa juu na kutoweka. Alipouangalia mkono wake, waliosema hivyo walikuwa asilimia 32. Kipimo cha mwendo wa macho kilionyesha kwamba wengi wao hawakuangalia kule juu ulikodaiwa kwenda. Waliuangalia uso wake. Kwa hiyo fundi wa sponji anayeuangalia mkono wa kushoto uliofumbwa hana budi kuuangalia kwa imani. Kwa nukta moja yeye mwenyewe lazima aamini kwamba mpira umo humo. Mimi naona hapo ndipo ufundi huu unapokuwa sanaa, na ndipo wengi wanaposhindwa, kwa kuwa vidole hufunzika haraka kuliko uso.

Ukoo wa mchezo huu ni wa kale. Mwanafalsafa Seneca wa Roma, karne ya kwanza, aliutaja mchezo wa vikombe na vijiwe katika barua zake, akakiri kwamba unamfurahisha kwa sababu tu haujui, na kwamba akishafunuliwa hamu itamwisha. Port Said, kwenye mlango wa mfereji wa Suez, wafanya kiinimacho wa Kimisri walipanda meli na vikombe vyao, wakawatolea abiria vifaranga kutoka pasipo na kitu. Sponji ilikuja baadaye, karne ya 20. Marekani iliuenzi kupitia watu kama Albert Goshman, aliyekuwa mwoka mikate kabla ya kuwa bingwa wa viinimacho vya mezani, na ambaye mipira yake ya sponji ilienea duniani kote.

Mtu wa Bugarama hahitaji kuagiza mipira hiyo ng’ambo. Fundi anayeshona makochi ana mabaki, na godoro kuukuu linalo la kutosha. Chagua sponji laini, ile ambayo ukiibinya inakuwa si kitu na ukiiachia inarudi mara moja. Ile ngumu ya kukalia haifai, kwani hujaza mkono na kukusaliti. Sponji za magodoro huwa na rangi nyingi, nawe ukipata ya kukolea ni heri, maana yataka ionekane hata na aliyesimama nyuma ya kundi. Kata mchemraba wa sentimita tano kila upande, punguza pembe kwa mkasi mkali, kisha punguza kingo, kidogo kidogo, mpaka uviringe. Mtoto mwenye kiganja kidogo akate mdogo zaidi. Kiangazi, vumbi linapokausha ngozi, sponji huteleza vidoleni. Lowesha ncha za vidole kidogo tu.

Nimesema Bugarama kwa makusudi. Kanda hii ya Ziwa imeona watu wenye ualbino wakiuawa kwa sababu ya maneno ya waganga, kiasi kwamba Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 chini ya Waingereza, ingali katika vitabu vyetu. Kusini ya Ngara, ukiingia Mkoa wa Kigoma, vijiji vimesumbuliwa na kamchape, watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakidai kufichua wachawi. Pembe au kitambaa kilichofungwa dawa hutolewa uani mwa bibi fulani mbele ya umati unaopiga kelele, na kuanzia siku hiyo maisha ya bibi huyo huharibika. Mtu aliyewahi kuuficha mpira kwenye mkunjo wa vidole vyake hawezi kuutazama mkono unaochimbua pembe kwa macho yale yale ya jana. Atauliza pembe hiyo ilikuwa katika mkono gani kabla ya kuingia ardhini.

Jambo hili lilimshughulisha mtu mmoja zamani sana. Mwaka 1584, Uingereza ilipokuwa ikiwanyonga watu kwa tuhuma za uchawi, Reginald Scot wa Kent alichapisha kitabu kirefu cha kupinga tuhuma hizo. Ndani yake aliweka maelezo ya jinsi ya kuficha vijimpira, sarafu na karata mkononi, ili msomaji aone kwamba maajabu mengi yanayodhaniwa ya shetani ni kazi ya vidole vilivyozoezwa. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya Kiingereza kuufafanua ufundi huu, na kiliandikwa ili kuokoa roho za watu. Sijui sifa kubwa zaidi ambayo ufundi wa mikono unaweza kupewa.

Karibu na kwetu kuna kisa cha Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wazande kusini mwa Sudan miaka ya 1920, na kitabu chake kikatoka mwaka 1937. Mtumishi wake Kamanga alikuwa akisomea uganga. Siku moja mwalimu wa Kamanga aliandaa dawa ya kumkandia mgonjwa, ndani yake akiwa amekificha kipande cha mkaa ili baadaye kionekane kimetoka mwilini. Evans-Pritchard aliipokea dawa hiyo kana kwamba anaipitisha tu, akakichomoa kimyakimya. Kamanga akakanda, akatafuta, hakuna kilichotoka. Naye Mwingereza, tazama, alikuwa ametumia ufundi ule ule uliotumika kuudanganya umma.

Hata hivyo Wazande hawakuacha kuamini. Walikuwa wakijua tangu hapo kwamba waganga wengine hudanganya, na walisema wa kweli wapo. Kwa hiyo sidai kwamba vipande vya godoro vitamaliza ushirikina wa kanda hii. Nadai dogo kuliko hilo: kuambiwa kwamba kuna ujanja huingia sikio hili na kutokea lile, lakini ujanja uliojifunza kwa vidole vyako hukaa mwilini, na huwezi kuusahau hata ukitaka.

Mikono hii hii, bila shaka, ndiyo inayochezesha karata tatu kwenye stendi za mabasi na kumwacha mkulima bila nauli ya kurudia kijijini. Ufundi haumchagui mtu. Kinachotofautisha ni tamko la mwanzo. Kijana wa gulioni alimwambia mama kwamba anaonyesha mchezo wa mikono. Hakuchukua kitu chake, na mwishoni akamwachia mshangao pamoja na maharagwe yake yote. Mchezesha karata tatu husema ni bahati, na kamchape husema ni uchawi. Kijana peke yake ndiye aliyesema kweli kabla ya kudanganya, na udanganyifu wake haukupungua utamu hata chembe.

Nyinyi walimu wa shule za msingi za Bugarama na Biharamulo, mna watoto wa darasa la sita wenye vidole vyepesi na muda wa jioni. Wakatieni mipira minne kila mmoja. Wafundisheni uhamishaji kwanza, mbele ya kioo, muda mrefu kabla ya kuwaruhusu kusimama mbele ya mtu. Na asianze yeyote kabla ya kumwambia mtazamaji wake, kwa sauti inayosikika, kwamba anachokwenda kuona ni kazi ya mikono.