Waya Mwekundu, Waya Mweusi

Hadi mwaka 2007, wilaya ya Tarime ilikuwa na mwambao wake kwenye Ziwa Victoria. Rorya ilipomegwa na kuwa wilaya, Shirati, Sota na Kinesi zilikwenda huko, Tarime ikabaki na vilima, mashamba na Mto Mara. Mto huo ndio unaoiunganisha bado na wavuvi. Unaingia kutoka Kenya, unapita hifadhini Serengeti, unatandaa katika kinamasi cha Masurura, kisha unapita chini ya daraja la Kirumi na kumwaga maji yake ziwani karibu na Musoma. Anayeyafuata maji hayo hadi mwaloni atakuta ufundi usiosifiwa vya kutosha: ufundi wa kufunga umeme kwenye mtumbwi.

Ufundi huo umekuzwa na dagaa. Samaki hao wadogo hushinda chini mchana, hupanda usiku, na huvutwa na mwanga. Ndiyo maana wavuvi wao hutoka usiku wa giza na kupumzika mwezi ukiwa mpevu. Kwa miaka mingi mwanga ulitoka kwenye karabai, na mafuta ya taa yalikula pato la mvuvi kabla hajauza hata ndoo moja. Zilipokuja taa za LED zinazotumia betri na sola, mwalo ukamhitaji mtu anayejua kuunga waya ndani ya chombo kinachotikisika, kinacholowa, na kinachoburutwa mchangani asubuhi.

Mikono hiyohiyo ndiyo inayofaa mashine ya kuonyesha samaki inapofika. Tena mashine hiyo ilizaliwa mikononi mwa mafundi wa namna hiyo. Mwaka 1938, mkoani Nagasaki, Japani, ilianzishwa biashara ndogo ya Furuno ya kufunga umeme kwenye vyombo vya majini. Ni watu hao, waliozoea kushika nyaya katika mashua za wavuvi, ambao mwaka 1948 walitoa mashine ya kwanza duniani ya kutafuta samaki iliyofaa kwa kazi na kwa soko.

Kazi yake inaeleweka. Transidyusa, sehemu ya mashine inayozamishwa majini, hupiga mlio ambao sikio la binadamu haliusikii, mara nyingi wa kilohezi 200. Sauti husafiri majini kwa karibu mita 1,480 kwa sekunde. Penye kina cha mita 40, ambacho ndicho wastani wa Ziwa Victoria, mlio huenda na kurudi katika sehemu 54 hivi za elfu ya sekunde. Ukigonga kibofu cha hewa tumboni mwa sangara, sehemu yake hurudi mapema, na kioo huchora alama juu ya mstari wa sakafu ya ziwa. Watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda wameitumia kanuni hiyo kukadiria wingi wa samaki katika ziwa zima.

Elimu yote hiyo hutegemea betri ya volti 12 na nyaya mbili. Hapo ndipo fundi hujulikana.

Fundi mzuri huanza na hesabu kabla ya koleo. Mashine ndogo hula umeme kidogo, tuseme nusu ampea. Betri ya asidi ya saa-ampea 7 ingeiendesha saa 14 kwenye karatasi, lakini betri ya aina hiyo ikizoezwa kukaushwa hufa mapema, kwa hiyo yeye huhesabu nusu tu: saa saba, usiku mmoja wa kazi. Injini ndogo nyingi za kuvuta kwa kamba hazichaji betri, na hilo lina maana kwamba umeme wote wa usiku lazima utoke nchi kavu, umejazwa kwa sola au kwa umeme wa nyumbani.

Kisha huikatalia mashine kuchangia waya na taa. Waya wa shaba wa milimita mraba moja, ukienda mita tano na kurudi tano, hupoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya volti kwa mzigo wa nusu ampea. Ukitwikwa ampea 10 za taa na pampu, hupoteza karibu volti 1.8. Taa zitafifia kidogo tu, lakini mashine huenda ikazima, na mvuvi atailaumu mashine.

Fyuzi hukaa kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri. Wengi huiweka karibu na mashine wakidhani inalinda kioo. Inalinda waya: ukichubuka katikati ya mtumbwi na kupiga shoti, fyuzi iliyo mbali na betri haitazuia moto, hasa penye dumu la petroli.

Maunganisho ndiyo mahali pa heshima. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, lakini unyevu na utelezi wa samaki huifikia shaba na kuiotesha kutu ya kijani. Fundi wa kweli hasokoti waya na kuufunga tepu akaondoka. Hulehemu kwa risasi, huvalisha mpira unaonywea kwa joto, hupaka vichwa vya betri grisi, na hufunga kila waya ubavuni usicheze, kwa kuwa mtikisiko hukata waya palepale ulipolehemiwa.

Transidyusa ina sharti lake. Mbao huzuia mlio, hivyo katika mtumbwi wa mbao haigandishwi ndani kama inavyowezekana kwenye baadhi ya boti za faiba. Hufungwa kwenye mti ubavuni, izame vizuri, mbali na mapovu ya pangaboi. Waya wake haukatwi kufupishwa. Ziada hukunjwa na kufungwa mbali na nyaya za injini.

Mwisho huja jaribio. Injini huwashwa, kioo hutazamwa kama kinachafuka, na kamba yenye jiwe hushushwa ili kina chake kilinganishwe na namba ya mashine. Zikipatana, fundi hufunga kwenye kasha la betri fyuzi mbili za akiba zenye kiwango kilekile, ili anayekwama usiku katikati ya ziwa asishawishike kuziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya.