Mgeni Asiyepewa Jembe

Agosti ikikaribia, na Desemba pia, Nairobi nzima huanza kupanga likizo. Watu wanachanga, wanalinganisha nauli za ndege, wanabishana kama ni Lamu ama Zanzibar, na yule mwenye pesa kidogo anarusha picha za Shelisheli kwa grupu ndiyo wengine wajue kuna viwango. Sina shida na hiyo. Kila mtu anataka kujibamba. Lakini kabla hujatuma malipo ya kwanza, kuna kitabu kimoja kifupi ningependa usome. Ukipanda SGR asubuhi, utakuwa umekimaliza kabla ya kufika Mombasa.

Kinaitwa *A Small Place*, na mwandishi ni Jamaica Kincaid. Kilitoka 1988. Kincaid alizaliwa 1949 Antigua, kisiwa cha Karibi kilichopata uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka wa 1981. Aliondoka huko akiwa msichana wa miaka 16, akaenda Marekani kufanya kazi ya yaya.

Kitabu kinaanza kwa kukupeleka likizo. Unatua, unapita forodha bila kusumbuliwa, unaingia teksi, unafika hotelini, unasimama dirishani kuangalia bahari. Kila hatua anakusimulia wewe, kwa sauti ya upole kabisa. Shida ni kwamba kila unachokiona, anakuonyesha kilicho nyuma yake. Jua halichoki kuwaka? Wewe unafurahi, lakini kwa mwenyeji huo ni ukame, na maji yanahesabiwa. Teksi ni gari jipya la Kijapani? Kincaid anasema mkopo wa gari unapatikana kwa urahisi kuliko mkopo wa nyumba, na mawaziri wana hisa kwa biashara ya kuuza magari hayo. Bahari ni safi? Kisiwa hakina mfumo wa maana wa majitaka, kwa hivyo fikiria yale maji uliyoyavuta chooni asubuhi yameelekea wapi. Kisha kuna maktaba ya zamani iliyoharibiwa na tetemeko la 1974. Zaidi ya miaka kumi baadaye, bado imetundikwa kibao cha kusema itarekebishwa.

Nguvu ya kitabu iko kwa hilo neno “wewe”. Kwa Kiingereza, neno analotumia linaweza kumaanisha mtu mmoja ama umati, na msomaji mjanja anaweza kujificha kwa umati. Kiswahili hakikupi huo mlango. Lazima uchague: wewe ama nyinyi. Nikisoma nikijitafsiria kichwani, kila mara nafika kwa “wewe”, na hiyo ni kama kunyooshewa kidole mezani, watu wote wakiwa wananyamaza.

Sasa, huyo “wewe” wa Kincaid ana sura. Ni mzungu, ametoka Marekani, Kanada ama Ulaya. Mwenyeji wa kisiwa ni maskini mno kuweza kusafiri, na ndiyo maana anamwonea mgeni wivu na kumchukia kwa pamoja. Mwaka wa 1988, kutoka Antigua, hesabu hiyo ilikuwa wazi. Lakini iweke mikononi mwa kijana wa Kilimani anayetafuta nyumba Shela. Yeye ni mweusi, ni Mkenya, anaongea Kiswahili na mwenye boti, analipa kwa M-Pesa. Anaweza kusoma kitabu chote akicheka wazungu, akifunge, na aende kuogelea. Hapa ndipo naona kitabu kinatuachilia mapema. Kinagawanya watu kwa rangi na pasipoti, na sisi tunapenya katikati.

Hatufai kupenya. Chukua maji tu. Yale matuta ya mchanga ya Shela ambayo kila mtu anapigia picha machweo ndiyo yanayohifadhi maji ya mvua chini yake, na visima vya mji wa Lamu vinategemea akiba hiyo. Kila nyumba ya kifahari yenye bwawa la kuogelea inaongeza mahitaji ya maji kisiwani. Bwawa halijali kama aliye ndani ametoka Milan ama Machakos.

Pahali pengine ninapogombana na Kincaid ni kwa wafanyakazi. Anaeleza jinsi Antigua inavyosherehekea chuo chake cha kufundisha kazi za hoteli, na kwake hiyo ni aibu: watu waliotoka utumwani wanashangilia kufundishwa kutumikia. Naelewa hasira hiyo. Lakini nina jamaa waliolipiwa karo na mishahara ya hoteli za Pwani, na sijawahi kuwaona wakitembea wameinamisha vichwa. Mwaka wa 2020, corona ilipofunga hoteli, hakuna aliyewaambia wamepata uhuru. Katika kurasa za Kincaid, mhudumu anaonekana, anasemewa, lakini yeye mwenyewe haongei. Kwa kitabu kinachodai kuonyesha kisichoonekana, hilo ni pengo kubwa.

Hata hivyo, nimekisoma mara tatu, na sijui kingine kinachoniharibia raha vizuri hivi. Sekta ya utalii inapenda sana methali ya “mgeni njoo, mwenyeji apone”. Kincaid anakufanya uulize kama mwenyeji kweli anapona. Wazee pia walikuwa na methali ya pili, ambayo sijaiona kwa tangazo lolote la hoteli: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Likizo ya kifahari imeundwa ili hiyo siku ya tatu isifike. Unalipa usipewe jembe, usijue shamba liko wapi, wala nani analima.

Sikwambii usiende. Mimi mwenyewe bado nataka Lamu. Ila ukiwa kwa simu na mwenye nyumba, baada ya kuuliza kuhusu wifi na kiyoyozi, muulize pia maji yanatoka wapi, na anayetandika vitanda analipwa ngapi kwa siku. Labda atakukatia. Ukijibiwa, utakuwa umejua kitu kuhusu kisiwa ambacho hakiko kwa picha.